Macho Yatakuja Mwisho

Mwadingusha, 20 Agosti 1961

Germaine, bibi yangu,

Barua yako imefika ikinuka samaki. Mama Alphonsine aliiweka chini ya kikapu kitupu alipokuja ziwani kununua, na hii yangu itarudi Kikula chini ya samaki wakavu. Njia nyingine ya kukuandikia sina, kwa hiyo tuvumilie harufu.

Unasema kalasi imefungwa kwa sababu walimu wamekwenda, na watoto wa jirani wanashinda uani kwetu tangu ulipompa mmoja kipande cha makala achore sakafuni. Sasa unaniuliza mimi uwafundishe nini. Unajua mimi si mwalimu. Nilikaa kwa padri wetu, Père Adrien, miaka michache tu, nikimsaidia kuchora watakatifu kwenye ukuta wa kanisa kule Kasai, halafu baba akafa nikaenda kubeba mawe. Lakini niliyoyashika nitakupa.

Kwanza ni mstari. Mtoto avute mstari kwa bega, si kwa vidole. Mkono ukilala juu ya karatasi, mstari unatetemeka. Halafu waambie kila kitu ni boksi, au yai, au gogo. Nyumba ni boksi. Kichwa ni yai. Mguu ni gogo. Wakishajua hayo, wafundishe kivuli, lakini kabla ya kupaka weusi uwaulize jua liko upande gani. Ukitaka wapime, wanyooshe mkono, wafumbe jicho moja, wapime kwa kidole gumba. Karatasi ni mifuko ya saruji, upande wa ndani.

Na hili lipite yote: wachore wanachokiona, si wanachokijua. Mtoto anajua meza ina miguu minne, basi anachora minne, hata kama pale alipokaa inaonekana mitatu. Mwambie, ule wa nne uache, hukuuona.

Kitu kimoja nakukataza. Macho wasiweke. Wachore kichwa, pua, mdomo, masikio, lakini mahali pa macho wapaache peupe mpaka nije mwenyewe. Mtoto akijua macho mapema anaweka mayai mawili yenye nukta kwa kila mtu, na watu wote wanakuwa ndugu. Macho yatakuja mwisho. Somo hilo nalitaka mimi.

Kazi hapa ni ileile. Tunasimama majini tukivuta majani yanayoziba vyuma pale maji yanapoingilia kwenda kwenye mashini ya umeme. Ukiyatoa asubuhi, mchana yamerudi. Muzungu wetu anasema sisi watu wa Kasai tusitoke nje ya kambi, tangu Katanga ilipojitenga hatutakiwi. Ndani hatatugusa mtu, nje yeye hajui. Basi nakaa ndani. Mikono imevimba kwa maji, ndiyo maana herufi zangu zinalala kama walevi.

Bwana wako,
Floribert


Kikula, Likasi, 3 Septemba 1961

Floribert wangu,

Nakusalimu. Nawasalimu pia wote watakaoifungua barua hii kwenye barieri ya askari kabla yako. Wajue ni habari za watoto na makala, hakuna kingine, na baada ya kusoma wairudishe vizuri ndani ya bahasha.

Shule yako inakwenda. Wanakuja asubuhi baada ya chai, kila mtu na makala yake kwenye mfuko wa kaptura, na mama zao wananilaani kwa ajili ya nguo. Mkubwa wao ni Suzanne, binti wa Baba Mathieu jirani yetu. Mkorofi ni Urbain, mtoto wa Casimir seremala. Siku ile ya somo la mayai nilimwambia Suzanne amchore Urbain. Urbain alipoona akaruka.

"Mwalimu! Suzanne amenichora yai!"

"Njo kichwa yako ile," Suzanne akasema. "Minye nimechora yenye niliona."

"Na yako? Yako iko sawa viazi!"

"Basi nichore, tuone."

Alimchora. Kweli kilikuwa kiazi. Tulicheka mpaka Baba Mathieu akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna sikukuu.

Lile la kuchora wanachokiona wamelishika, Floribert. Wamelishika kuliko nilivyotaka. Macho hawajaweka, wanakungoja.

Nakutumia michoro mitatu, ya mtaani kwetu, waliyochora juma hili. Iangalie polepole, kama mtu anayesoma.

Mama Alphonsine anasema juu ya lori la samaki kuna nafasi ya mtu mmoja. Akiulizwa njiani atasema mimi ni mdogo wake, wa kijiji cha Tshangalele. Unaonaje? Nije nikusalimu kidogo? Nitafanya vile utakavyosema.

Germaine


Mwadingusha, 10 Septemba 1961

Germaine,

Nimecheka peke yangu na habari ya yai na kiazi. Wenzangu wameniuliza kama nina homa.

Michoro nimeiona. Mistari ni mizuri, inatoka begani. Lakini makosa ni mengi, lazima niseme, kwa sababu ukimsifu mtoto katika makosa unamharibu.

Urbain amechora nyumba yao. Nimeijua kwa ule mlango ambao Casimir aliutengeneza kwa mbao za sanduku. Kuta sawa, kivuli sawa. Lakini amesahau bati! Juu ya kuta hakuna kitu, mbingu tu. Mwambie kwamba nyumba ni boksi, na boksi lina kifuniko.

Yule mdogo asiyejua kuandika jina lake amechora kitanda, masufuria na kiti, vyote nje, barabarani. Nadhani alitaka kuonyesha vya ndani, akashindwa kuvionyesha kupitia ukuta. Ni kawaida ya wadogo. Mfundishe kwanza kuchora dirisha.

Suzanne ndiye amenishangaza. Mkono wake ni wa mtu mzima. Amechora wanaume wamekaa chini kwa mstari mmoja, magoti juu, migongo inaonekana mizito kweli. Lakini hakuna hata mmoja mwenye mikono! Mabega yanakwenda nyuma, halafu basi. Mikono ni migumu, najua, mimi mwenyewe Père Adrien alinipiga makofi kwa ajili ya mikono. Asiikimbie. Amwambie baba yake akae, aichore mikono yake mpaka achoke.

Juu ya kuja huku: hapana, bibi yangu. Tunalala wanaume peke yetu ndani ya hangari moja, banda la bati, hata pa kuoga mwanamke hakuna. Na nyumba ukiiacha, utakuta imevuliwa bati kama ile ya kwenye mchoro wa Urbain! Kaa. Endelea nao mpaka wamalize uso, bila macho. Nikipata ruhusa kwa Noeli nitakuja mimi.

Floribert


Kikula, Likasi, 1 Oktoba 1961

Floribert wangu,

Katikati ya mwezi kulikuwa na kelele za bunduki, utakuwa umesikia hata huko. Sasa kumenyamaza. Mimi ni mzima. Nakula bukari na sombe, na Baba Mathieu ananiletea maji, hataki niende kwenye bomba.

Masahihisho yako niliwasomea. Suzanne alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia. Yule mdogo aliuliza, "Baba Floribert iko mbali sana?" Nikamwambia ndiyo, yuko mbali.

Watoto wamepungua. Karatasi sasa inatosha, hata inabaki. Urbain haji tena, wamehama na mama yake. Suzanne huja kila siku. Kichwa cha mtu sasa anakichora vizuri mpaka unajua ni nani kwa shavu na sikio tu. Ananichora mimi kila asubuhi. Nakaa juu ya kile kinu kilichopasuka, nanyamaza, yeye anavuta mistari. Nadhani ni saa nzuri kuliko zote za siku.

Nakutumia mchoro mmoja tu. Ni nyumba yetu, ameichora juzi akisimama barabarani. Nakuomba usitafute makosa. Suzanne hakukosea.

Lile lori bado lina nafasi.

Germaine


Mwadingusha, 8 Oktoba 1961

Germaine,

Safari hii sina la kusahihisha. Nyumba yetu ni yenyewe. Bati liko, dirisha liko, hata ule ufa wa ukutani niliokuahidi kuuziba ameuweka. Na nimefurahi kuona msalaba mkubwa mweupe juu ya mlango. Bila shaka padri amepita kubariki nyumba kwa chokaa, kama walivyokuwa wakifanya kwetu baada ya Noeli. Ni mapema mwaka huu, lakini katika wakati kama huu naona amefanya vema. Nimewaonyesha wenzangu, nikasema, tazameni, bibi yangu analindwa.

Niliishia hapo. Naanza tena, na barua hii uijibu kwa miguu, si kwa kalamu.

Mama Alphonsine alikuja kuchukua barua nikiwa bado na mchoro mkononi. Nikamwonyesha kwa majivuno. Akauangalia, akaniangalia mimi.

"Weye Floribert, weye njo mwalimu ya kuchora?"

"Njo minye."

"Na haujue kuangalia?"

Nikamwambia asinitanie, nimechoka. Akaweka kikapu chini.

"Ile musalaba, padri gani aliweka? Ni bale vijana ya chama, yenye kufukuza batu. Wanaweka ku milango ya batu ya Kasai. Leo musalaba, kesho wanarudia."

Nikaenda kuchukua michoro ile mingine chini ya mkeka. Akainyoosha mmoja mmoja juu ya kikapu cha samaki na kuniambia, kama mtu anayemsomea kipofu. Bati la Casimir walilibeba wao. Kitanda na masufuria viliwekwa barabarani na mikono ya watu, si na mtoto asiyejua dirisha. Na wale wanaume wa Suzanne wana mikono. Imefungwa nyuma. Casimir ni wa tatu kutoka kushoto.

"Mbona haukuniambia, mama?"

"Kinywa yangu inapita ku barieri kila juma. Na bibi yako alisema yote iko mu picha, bwana yangu atayiona. Nilizani uliona, ukakataa."

Nilijua nyumba ina bati, nikaona bati limesahaulika. Nilijua padri, nikaona padri. Kile nilichokukataza kuwaruhusu watoto nimekifanya mimi.

Njoo. Njoo na lori hilihili linalorudi. Acha nyumba, acha masufuria, acha kila kitu. Hangari tutaligawanya kwa gunia, wenzangu wamekubali kabla sijamaliza kuuliza. Wewe ni mdogo wake Alphonsine, wa Tshangalele. Usiseme Tshiluba chetu njiani hata ukikanyagwa mguu.

Nakungoja pale lori linaposimama.

Floribert


Kikula, 22 Oktoba 1961

Baba Floribert,

Jambo. Ni minye Suzanne, mutoto ya Mathieu. Baba anasema niandike kwa sababu mwandiko yangu iko muzuri kuliko yake.

Barua yako ilifika siku ya tatu nyuma ya bale vijana kumubeba Mama Germaine.

Walikuja asubuhi na lori. Nilikuwa namuchora, yeye juu ya kinu. Aliniambia, "Suzanne, beba karatasi, pita ku ua, enda kwenu." Nilipita. Baba alitoka akawaambia huyu mama ni jirani, hana neno na mutu. Wakamuuliza kama anataka kupanda naye. Baba alinyamaza. Tangu siku ile hakule vizuri.

Batu walikuwa wengi mu lori, na batoto. Bamoja wanasema lori ilienda ku kambi ya wakimbizi kule Elisabethville. Bengine wanasema haikufika. Baba amesema ataenda na treni kumutafuta. Yeye ni wa hapa, wanamuacha apite. Lakini ku kambi batu wako wengi sana, na ukisema jina tu, Germaine wako wengi. Ile picha ya ndoa yenu walibeba na fremu yake. Bati pia walibeba.

Picha yake iko hii yangu tu. Nilichora vizuri shavu, na sikio, na kitambaa. Baba aliionyesha kwa batu ya sokoni wenye wanamujua, kujaribu. Wanageuza karatasi, wanasema, inaweza kuwa yeye, inaweza kuwa mwingine. Kwa sababu haina macho. Mama alituambia tungoje weye.

Nilitaka kuyaweka mwenyewe, nikaogopa kuiharibu. Karatasi ni moja.

Baba anangoja. Unifundishe macho.

Suzanne


Mwadingusha, 29 Oktoba 1961

Suzanne, binti yangu,

Umefanya vizuri kutokuyaweka kwa kubahatisha. Ningeyachora mimi, lakini vidole vyangu haviwezi tena kushika makala vikakaza, na mimi sijamwona tangu mwaka jana. Wewe umemwona kila asubuhi. Kwa hiyo mimi nitasema, na wewe utachora. Jaribu kwanza kwenye karatasi nyingine mpaka uchoke, ndipo ushike ile.

Macho hayakai juu ya kichwa kama watu wanavyodhani. Yako katikati ya yai. Pima kwa kidole gumba, kutoka utosini mpaka kidevuni, ugawe mara mbili, pale ndipo. Kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho moja. Weka nukta nyepesi, usikaze.

Jicho si duara. Duara liko ndani, lakini kope la juu linalikata, na wewe hulioni lote. Usichore lile usiloliona. Mstari wa kope la juu uwe mweusi na mnene, kwa sababu linatupa kivuli. Wa chini uwe mwepesi, karibu usiwepo. Halafu acha tundu dogo jeupe kabisa ndani ya weusi, upande ule jua linapotoka. Ukilipaka hilo, umemuua mtu. Liache.

Sasa macho yake. La kushoto ni dogo kuliko la kulia. Akiwa msichana kipande cha mchi kilimruka hapo, na kope lilipona likiwa limeshuka kidogo. Akikusikiliza linashuka zaidi, na mtu asiyemjua anadhani ana usingizi. Hana usingizi. Anakusoma. Nimeishi naye nikidhani anasinzia kwenye hadithi zangu, kumbe alikuwa anangoja nifike mahali nitakapodanganya. Chini ya la kulia kuna alama nyeusi kama mbegu ya ufuta. Pembeni kuna mikunjo, usimwonee huruma, iweke yote.

Usimchore kama ulivyomwona asubuhi ile ya lori. Ile pia uliiona, najua, na siku moja utaichora. Lakini watu wa kambi watamjua kwa uso wake wa kila siku. Mchore kama siku ile Urbain alipolalamika kwamba yeye ni yai.

Ukimaliza usiniletee mimi. Mpe baba yako, aende nayo leo leo. Na umwambie kwamba kunyamaza kwake pale kwenye lori sina neno nako. Angepanda, nani angekwenda kumtafuta?

Baba yako wa huku,
Floribert


Kikula, 26 Novemba 1961

Baba Floribert,

Nilifanya kama ulisema. Nilijaribu ku mifuko mingi ya saruji mpaka mama yangu akakasirika juu ya makala. Kisha nikaweka ku ile karatasi. Nilianza na jicho ya kushoto. Nilipomaliza ile ya kulia na kuacha kale katundu keupe, mama yangu alipita nyuma yangu na sani ya chakula mu mikono, akasimama, akasema, "Yo, Germaine." Akatoka inje.

Baba alienda. Alitembea na picha mule mu kambi, hema kwa hema. Batu walikatala, walikatala. Kisha mama moja, Colette, alishika karatasi kwa mikono mbili. Alisema, "Huyu ninamujua. Tulikuwa naye mu lori. Batoto walikuwa wanalia, yeye akaanza kuwachorea na kidole mu vumbi, pale chini mu lori. Alisema, tazameni, kila kitu ni boksi, ao yai, ao gogo. Batoto wakanyamaza."

Baba akamuuliza, kisha?

Mama Colette alimwambia mengine. Lakini Baba hakutaka kuniambia. Aliniambia tu kwamba Mama Germaine alibaki ku njia, lori ilikuwa haijafika, na kwamba batoto walifika wote.

Nilimuuliza kama atarudi tena na picha, aulize ku kambi ingine. Alisema apana. Alisema sasa picha ni yako weye Baba Floribert, haina tena kazi ya kuonyeshwa batu.

Nimeikunja mara moja tu, katikati, si ku macho. Nimeifunga mu kitambaa ili isinuke samaki.

Suzanne


Mwadingusha, 3 Desemba 1961

Suzanne, binti yangu,

Imefika. Haikunuka.

Nimeiweka ukutani pale mkeka wangu ulipo. Mama Alphonsine aliingia, akaiamkia kwa jina, halafu akakaa chini kwenye sakafu nasi mpaka dereva wake akapiga honi.

Natafuta kosa, kama kawaida yangu. Sioni. Kope la kushoto limeshuka. Nikisimama karibu nikaanza kumweleza habari za kazi, ananisikiliza vilevile, anangoja nifike pale nitakapodanganya. Basi simdanganyi. Nimemwambia mimi ndiye niliyekataa lori.

Somo la macho limekwisha, na nilisema ni la mwisho. Lakini wewe bado una makala, na yule mdogo, kama bado yuko, anataka mtu wa kumfundisha. Mkalishe juu ya kinu, umfundishe kuvuta mstari kwa bega.

Na wewe mwenyewe rudi kwenye mchoro wa wale wanaume waliokaa chini. Nilikuambia ukachore mikono ya baba yako, nami sikujua nilichosema. Usiongeze kitu mbele. Zunguka, kaa nyuma ya migongo yao ili ile mikono iliyofungwa ionekane, na uanze pale kamba inapopita. Juma lijalo nitakuandikia somo la vidole.

Floribert